Jiwe Ambalo Halikuwa Kwenye Mchoro

Nimeishi juu ya mawe ya Ilemela tangu nilipoolewa, na kila mwaka ukifika mwezi wa sita serikali hunitangazia redioni kwamba nitapata maji. Sijawahi kukosa kutangaziwa. Nikikaa kwenye kizingiti cha mlango wangu naliona ziwa mpaka macho yanachoka. Maji mbele, maji kulia, maji kushoto, visiwa vimelala humo kama maandazi kwenye karai. Kisha nageuka ndani kuangalia ndoo, na ndoo ni kavu. Wageni wakipanda huku wanasifu mandhari. Mimi huwaambia mandhari hayasongi ugali.

Bajeti ya maji naisikiliza nikiponda kokoto. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha, mimi na marehemu mume wangu, tukavunja mawe na kuwauzia wajenzi, watoto watano wakasoma. Mheshimiwa anasoma mabilioni taratibu, moja moja, kama mtu anayetaja wafiwa msibani. Pampu hizi, matangi yale, miji ile. Siku nyingine inakuja zamu ya umeme, naye mwingine anasoma nguzo na nyaya na transfoma. Wabunge wanagonga meza. Nami huku nagonga jiwe, tunakwenda pamoja vizuri tu. Tofauti ni kwamba langu likigongwa linapasuka.

Mwaka ninaousimulia ni ule daraja la Busisi lilipoanza kupitika. Mwanangu wa kwanza anaishi Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Ana nyumba ya bati jekundu, ana bomba uani, na mke mpole kupita kiasi. Kwa miaka mingi aliniambia, "Mama, njoo ukae kwangu," na miaka yote nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa kivuko. Kivuko kina foleni. Kivuko kinanitia kizunguzungu. Nikiugua huko, ndugu zangu watanifikia saa ngapi, na kivuko hiki? Sijui ni lini chombo cha serikali kilimsaidia mwananchi mmoja kama kile kilivyonisaidia mimi. Halafu wakajenga daraja, refu, zuri, unalimaliza hata chai ya kikombeni haijapoa. Watu walishangilia na mimi nikashangilia, lakini moyoni nilijua nimenyang'anywa kivuko changu.

Kweli, haukupita muda. Mwanangu akaja na gari, akawaita na wadogo zake, tukakaa kikao chumbani kwangu, wengine kitandani, wengine kwenye madumu.

"Mama," akasema, "magoti yako yamekwisha. Unashuka mawe mara mbili kwa siku kwenda kisimani. Kiangazi kilichopita ulianguka na ndoo."

"Nilisukumwa na mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

Nikamwongezea chai, maana mtaa mzima hatuna mbuzi.

Binti yangu wa mwisho akasema nisilazimishwe, kaka yake akasema halazimishi mtu, ila hawezi kulala usingizi mama yake akiwa juu ya mwamba bila tone la maji. Nami nilijua nitakachokuwa Sengerema. Ningekuwa mgeni mwenye heshima, na mgeni mwenye heshima haruhusiwi kuosha hata kijiko. Hapa nyumba hii kila jiwe lake nalijua, mengine niliyavunja nikiwa na mimba. Na mume wangu nimemzika hatua chache kutoka jikoni, huwa namsemesha nikichambua mchicha.

Basi kwa kiburi nikasema, "Maji ya bomba yanakuja mwaka huu. Nimesikia redioni."

Watoto wakatazamana. Mkubwa akasema, "Vizuri. Yakifika mlangoni kwako kabla mvua za vuli hazijaanza, sitafungua mdomo tena. Yasipofika, nakuja kukuchukua, na hakuna cha mbuzi."

Nikakubali mbele ya wote watano. Hivyo ndivyo nilivyoweka nyumba yangu juu ya hotuba ya bajeti. Nimesoma mpaka darasa la nne, lakini hata mtoto wa darasa la kwanza angenikataza.

Safari hii, hata hivyo, redio haikusema uongo. Wiki chache baadaye mwenyekiti wa mtaa alituitisha mkutano, akasema pesa imetoka. Serikali italeta mabomba, tangi na pampu. Maji yatavutwa ziwani, yatapandishwa mpaka tangi la juu kabisa, jirani na nyumba yangu, na humo yatagawiwa. Sisi wananchi kazi yetu ni moja, kuchimba mtaro. Hiyo wanaiita nguvu za wananchi. Nimegundua kwamba kila mradi una mabilioni ya serikali na nguvu za wananchi, na mara nyingi nguvu ndizo zinazofika kwanza.

Akaja na injinia, binti mdogo, kofia ngumu kichwani na buti za kiume. Akanisalimia shikamoo, nikamwitikia marahaba, nikampenda hapo hapo kwa sababu aliuliza kama magoti yananiuma. Akapita akimwaga chokaa kuonyesha njia ya mtaro, kutoka ziwani mpaka juu. Katikati ya mlima akafika kwenye jiwe kubwa, akasimama.

Ni jiwe kubwa kama kanisa. Limekaa hapo tangu dunia iumbwe, na minyaa imelizunguka. Injinia akaangalia karatasi yake, akaliangalia jiwe, akaiangalia tena karatasi.

"Hili halimo," akasema.

"Limo," nikamwambia, "ila kwenye karatasi hiyo ndiyo halimo."

Akatuambia, "Mkifika hapa, wa chini na wa juu, msimame. Msichimbe tena. Nitakwenda kuuliza, nitarudi na jibu."

Hilo neno kusimama ndilo lililotuponza. Sisi Wasukuma tukifanya kazi ya wengi tunajigawa makundi mawili na tunaimba. Kila kundi lina manju wake, yule anayeongoza nyimbo na kulisema kundi la pili mpaka wakose raha. Kundi litakalosimama kwanza litaimbwa mwaka mzima, sokoni, kisimani, hata kwenye harusi. Kwa hiyo unaweza kutuambia tuchimbe, ukatuambia tuchimbe haraka, lakini kutuambia tusimame wakati wenzetu tunawasikia bado wanachimba, hilo halijawahi kufundishika.

Kundi la juu nililiongoza mimi. Sishiki sururu siku hizi, lakini sauti ninayo. Kundi la chini liliongozwa na mama mmoja muuza kuni na mkaa, mjane kama mimi, wa familia ya Kiislamu iliyokaa hapa mjini miaka mingi. Si Msukuma, lakini amekaa nasi mpaka matusi ya nyimbo zetu ameyajua kuliko wenyewe. Mimi na yeye tulianza kugombana zamani, siku ya kwanza tulipokutana kwenye foleni ya kisima, ndoo yake na ndoo yangu ipi itangulie. Foleni ile haijaisha mpaka leo.

Tulichimba siku nyingi. Udongo kidogo, mawe mengi, mitaimbo ikilia. Tukafika jiweni siku moja, wao kwa chini, sisi kwa juu. Hatukuwaona, jiwe lilituziba. Injinia alikuwa hajarudi na jibu.

Nikaisikia sauti ya yule mama nyuma ya jiwe. "Wa juu, mko hai?"

"Tuko hai. Nyie mnachimba au mnapalilia?"

"Tunachimba na uji tumeshakunywa. Nasikia kwenu kimya, mmepata msiba?"

Vijana wangu wakanitazama. Nikasema, "Chokaa imeishia hapa." Mmoja akasema, "Bibi, wale wanaendelea." Na kweli tulizisikia sururu zao. Kumbe nao walizisikia zetu. Nikafanya nilichofanya, nikaimba. Nikaimba kwamba wa chini wanachimba kwa vijiko vya chai, na vijana wakainama, wakalizunguka jiwe upande wa kulia. Hatukujua kwamba yule mama naye alikuwa ameimba kwamba wa juu wanamsubiri daktari, na watu wake wamelizunguka upande wa kushoto.

Mchana ule tulichimba kuliko siku zote. Kila tukisikia sauti zao tuliona ziko nyuma yetu, tukajua tunawashinda. Nao walisikia zetu ziko nyuma yao. Mpaka nikainua kichwa nikajikuta natazama banda la kuku. Nalijua banda lile, mlango wake ni kipande cha beseni la bluu. Ni banda la yule mama. Tulikuwa tumelivuka jiwe, tumeshuka mpaka uani kwake. Nikageuka kutazama juu, nikamwona yeye amesimama kwenye mihogo yangu, mkono kiunoni, anashangaa kama mimi.

Mitaro miwili mizuri, imenyooka, jiwe katikati yake limetulia.

Injinia aliporudi alikaa juu ya rundo la mabomba yaliyokwisha kuletwa, akavua kofia.

"Bibi, nani aliwaambia mzunguke?"

"Nyimbo," nikasema.

Akacheka, lakini kicheko hakikumfikia machoni. Akatueleza kwamba mabomba yamekuja kwa hesabu ya mchoro. Aliyechora alikuwa mbali, na kwenye karatasi yake hapa kwetu ni mteremko tu, hakuna jiwe. Njia ikinyooka mabomba yanatosha mpaka juu. Ikizunguka, kulia au kushoto, yanapungua vipande sita.

"Viletwe hivyo sita," akasema mwenyekiti.

"Mwaka wa fedha ujao."

"Basi jiwe lipasuliwe," nikasema.

"Kuna fungu la mabomba, bibi. La tangi lipo, la pampu lipo. La kupasua jiwe halipo, kwa sababu jiwe lenyewe halipo."

La kibao cha mradi lilikuwepo pia. Kibao kilikuwa kimeshasimikwa juu kabisa, karibu na kaburi la mume wangu, kikisema mradi wa maji, kimepakwa rangi nzuri. Kibao hakikukwama kwenye jiwe lolote.

Injinia akasema hana njia nyingine. Tangi litakaa chini ya jiwe, uani kwa yule mama muuza kuni, na sisi wa juu tutashuka kidogo. Aliposema kidogo alinitazama magoti, akainamisha kichwa. Watu wa chini hawakushangilia. Yule mama akaingia kwake, akafunga mlango, na hilo likanitisha kuliko angenicheka.

Mlangoni kwako, mwanangu alisema. Hakusema chini ya jiwe.

Asubuhi yake nilishuka mwenyewe mpaka kwa yule mama. Alikuwa anapanga kuni, mikono myeusi ya mkaa.

"Umekuja kunipongeza tangi?" akaniuliza.

"Nimekuja kutaka kuni."

"Za kupikia nini?"

"Jiwe."

Akaweka chini gogo alilokuwa nalo. Anajua kama ninavyojua. Sisi waponda kokoto hatuna baruti. Jiwe kubwa tunalichoma. Unatafuta mshipa wake, unawasha moto juu yake mpaka liive, halafu unaligonga linabanduka kama ganda la ugali sufuriani. Jiwe lile kubwa huwezi kulimaliza, lakini lina bega la chini upande mmoja, na kwenye bega mshipa unapita moja kwa moja. Ukikata hapo mfereji wa kufika gotini, bomba linanyooka.

"Ukilipasua, tangi linapanda kwako," akasema.

"Linapanda."

"Kwa hiyo unataka kuni zangu zininyang'anye tangi langu."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma mtu."

Akanitazama. Akauliza, "Ni kweli mwanao amesema vuli?"

"Vuli."

"Na huko Sengerema utakuwa unafanya nini?"

"Nitakaa kwenye kiti."

"Kiti gani?"

"Cha plastiki. Barazani. Watu wakipita wananisalimia."

Akacheka mpaka akashika kuni asianguke. Kisha akaacha kucheka ghafla. "Miaka yote hii unatanguliza ndoo yako mbele ya ndoo yangu. Leo uende ukasalimiwe Sengerema, mimi nibaki na hawa watoto ambao hata kutukana hawajui, wanaandika kwenye simu? Chukua kuni. Lakini bomba langu litoke la kwanza njiani. Maji yanywewe kwangu kabla hayajapanda kwako."

"Sawa."

"Na useme mbele ya watu kwamba nyimbo zangu zilishinda."

"Hilo hapana."

"Chukua kuni tu," akasema.

Mwenyekiti alitufuata mbio. Akasema, "Mama zangu, hilo jiwe ni mali ya serikali, linahitaji kibali." Yule mama akamwuliza kibali kitaandikwa vipi kwa jiwe ambalo serikali yenyewe imesema halipo. Mwenyekiti akafikiri, akaenda zake kunywa chai.

Tulichoma siku tano. Asubuhi tunapanga kuni kwenye mshipa, moto unawaka mpaka alasiri, jiwe linaanza kulia ndani kwa ndani kama chungu kinachotaka kupasuka. Tunafagia majivu, wanawake waponda kokoto wanaingia na nyundo na tindo, vijana wa chini na wa juu wanapokezana. Wengine huliwahisha kwa kulimwagia maji likiwa la moto, linapasuka upesi. Sisi maji hatukuwa nayo. Nilikaa kwenye kivuli nikawaonyesha wapi pa kugonga, na nikikosea yule mama alihakikisha kila mtu amesikia kwamba nimekosea.

Injinia alikuja siku ya nne. Akapiga picha, akaingiza mguu kwenye mfereji kupima kina.

"Bibi, mbinu hii inaitwaje?"

"Inaitwa kulea watoto watano."

Baadaye alinisomea alichoandika kwenye ripoti. Alikuwa ameandika kwamba changamoto ya miamba ilitatuliwa kwa ushirikishwaji wa jamii. Nikamwuliza jamii ni nani, akasema ni mimi na yule mama. Nikaenda kumwambia mwenzangu kwamba sasa tunaitwa ushirikishwaji, akasema yeye ameitwa mabaya zaidi ya hayo.

Bomba likapita, limenyooka kama mchoro ulivyotaka. Tangi jeusi likapandishwa kwa kamba mpaka juu, likakaa jirani na kibao. Wakaniwekea na koki hatua tatu kutoka mlangoni. Nikaifungua siku hiyo hiyo, ikatoa upepo. Nikampigia mwanangu simu nikamwambia bomba limeshafika. Akauliza, "Na maji?" Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Maji hayakuja kwa sababu pampu ilihitaji umeme. Pampu ilikuwa pale ufukweni kwenye kibanda chake kipya, imefungwa kufuli, na nguzo ya karibu ilikuwa mbali. Nikamwuliza injinia kulikoni.

"Maji ni wizara nyingine, bibi, umeme ni wizara nyingine. Pesa ya umeme imepitishwa, ila haijashuka."

"Imepitishwa wapi?"

"Dodoma."

"Kama inashuka kwa magoti kama yangu, naielewa."

Hakucheka. Kwa upande wa visiwa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri, meusi, yakikaa kidogo na kuondoka. Mwanangu akapiga simu, akasema anakuja Jumamosi. Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma. Kwa watoto wangu nilijifanya sijali, lakini nikiwa peke yangu nilianza kukunja nguo. Nilikunja zote. Nikaenda kaburini kwa mume wangu nikamweleza habari ya daraja, habari ya jiwe, na habari ya wizara mbili. Hakuwa na maoni.

Injinia alinikuta hapo. Aliona furushi langu mlangoni, akauliza safari ya wapi, nikamweleza yote, hata mbuzi. Akachezea kofia yake. Kisha akasema, "Mkandarasi aliyelaza mabomba halipwi mpaka njia ijaribiwe kwa maji. Tulikuwa tunasubiri umeme ndipo tujaribu. Lakini mkataba hausemi pampu isukumwe na nini." Akaniuliza mwanangu anakuja lini. Nikasema Jumamosi. Akasema mkandarasi ana jenereta, atamwomba alilete Jumamosi asubuhi, lakini jioni lazima lirudi.

Jumamosi asubuhi jenereta halikuja. Aliyekuja ni mwanangu, na kirikuu, ile gari ndogo ya mizigo, ameiegesha barabarani chini kwa sababu huku haipandi. Amekuja na wadogo zake wawili, mmoja yule binti yangu wa mwisho. Wakanisalimia, wakanywa chai, wakaanza kubeba. Furushi likashuka, sufuria zikashuka. Kitanda changu cha mninga, kitanda cha harusi yangu, wakakifungua miguu, wakakifunga kamba, wakakishusha kwenye mawe wakitweta. Majirani wakasimama milangoni. Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikiwa nimevaa kitenge cha kusafiria. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya ziwa na safari hii halikuwa na haraka ya kuondoka.

Kukaribia saa sita nikasikia ngurumo. Nikasema moyoni, basi, mvua. Kumbe haikutoka juu, ilitoka chini ufukweni, na haikunyamaza. Jenereta.

Nilishika koki kwa mikono miwili. Ikakohoa upepo. Ikatulia muda mrefu, nikafikiri limeshindwa. Ndipo nikasikia sauti kutoka chini ya jiwe, ile sauti niliyoisikia maisha yangu yote ikinisema.

"Yamefika kwangu. Nimeshajaza ndoo mbili, wewe jiandae. Ndoo yangu imetangulia, usiseme hukusikia."

Tangi likaanza kulia kama tumbo lenye njaa. Koki ikatema kutu, ikatema tope, ikatema maji ya rangi ya chai, halafu maji. Maji yenyewe, baridi, yananuka ziwa. Watoto wa jirani wakaja na vikombe. Mwanangu alikuwa anapanda kuja kuchukua mzigo wa mwisho, na mzigo wa mwisho nilikuwa mimi. Akasimama, jasho linamtoka, akaitazama koki.

"Mama, hayo ni ya majaribio. Nimeliona jenereta pale chini. Jioni linaondoka."

"Tulikubaliana yafike mlangoni kabla ya vuli. Hatukukubaliana yatakaa siku ngapi."

"Na kesho utakunywa nini?"

"Kesho nitajua mwenyewe. Wewe ulisema hutafungua mdomo tena."

Wadogo zake walikuwa nyuma yake na kamba mkononi. Binti yangu akafunika mdomo kwa khanga. Mwanangu akaniangalia kama alivyoniangalia siku ya yule mbuzi. Nilidhani atabisha, maana kubisha amenirithi mimi. Hakubisha. Akageuka akaanza kushuka, na nilikuwa sijui anashuka kwenda wapi.

Sitadanganya kwamba mambo yalinyooka. Jenereta liliondoka jioni ile. Umeme ulikuja baadaye sana, mvua zikiwa zimeshanyesha mpaka zikachoka, na siku hizi maji yanatoka mara mbili kwa wiki, mara moja ikiwa umeme umekatika. Katikati hapo nilishuka kisimani na nikakinga maji ya bati kama zamani. Lakini Jumamosi ile nilijua nina saa chache tu, na sikukusudia kuzipoteza kwa kuangalia nani ameshinda. Nilijaza ndoo. Nikajaza madumu yote, mabeseni, karai la kukaangia, birika, hadi kopo la maziwa. Nilikuwa nimeinama hivyo niliposikia watu wanatweta kwenye mawe. Nikatazama. Mwanangu alikuwa anapanda, ubao wa kichwani wa kitanda changu begani, na wadogo zake nyuma na miguu ya kitanda. Kutoka chini yule mama alikuwa akiwaimbia wapandao na kitanda, wimbo alioutunga hapo hapo, wa kuchekesha mno, sitauandika.

Wakaingia ndani. Nikamsikia mwanangu akisukuma vitu. Kisha akachungulia mlangoni.

"Mama, kitanda kikae upande gani?"

"Pale pale," nikamwambia bila kugeuka, maana beseni lilikuwa linajaa.